Kabla ya Kutafuta Bendi, Ulizeni Nauli ya Mpiga Besi

Vijana wawili wa Wete, Pemba, wameniandikia wiki hii. Wanarapu kuhusu unga, yaani dawa za kulevya, na ardhi za pwani zinazouzwa, na wamechoka kupanda jukwaani na flashi yenye biti za kompyuta. Wanataka bendi ya laivu. Wameuliza: kaka, tuanzie wapi?

Nianze na Jumamosi iliyopita, maana moyo wangu bado uko kule. Tulipiga Jang'ombe, uwanja wa wazi, mimi na mwenzangu mbele, nyuma yetu watu watano: fidla, kodian, ngoma za kidumbak (muziki wa harusi wa Unguja), cherewa za kutikisa, na mzee wa sanduku, besi ya boksi la mbao. Tulipofika ubeti wa pili, ule wa kaka yake mwenzangu aliyemalizwa na unga, mpiga ngoma akanyamaza bila kuambiwa. Likabaki sanduku peke yake na sauti ya mwenzangu. Kina mama waliokuwa wamesimama pembeni wakakaa chini mchangani na watoto wao. Flashi haijapata kunifanyia vile, kwa sababu flashi haisikilizi maneno. Najivunia usiku ule na sitauficha.

Lakini hiyo ni bendi yetu ya pili. Ya kwanza ilikuwa dramu, kinanda na gitaa la besi. Tulikuwa tumewatazama sana The Roots wa Philadelphia, walioanza 1987 wakiwa wawili, mmoja anarapu na mmoja anapiga dramu, tukaamini vyombo vile ndivyo hip hop yenyewe. Mazoezi ya miezi ile siyaelezi, mazoezi ni mazoezi. Nataka kueleza siku moja tu.

Siku ya onesho letu kubwa la mjini, alasiri, mpiga besi alinipigia simu. "Kaka nisamehe, niko Nungwi, hoteli imenihitaji usiku wa leo." Tukapanda na flashi. Ubeti wetu ulikuwa unazisema hoteli, na mwenzangu akaongeza mstari wa papo kwa papo kumwita yule kijana msaliti. Watu walishangilia. Na mimi nikashangilia.

Tulikuwa hatujamlipa maonesho manne. Kila mara tulimwambia subiri, tunajijenga. Alikuwa na mtoto mchanga na alikuwa anarudi Mtoni usiku kwa pesa yake. Tukiimba haki za mfanyakazi, na mfanyakazi wetu tumemdhulumu! Nilimwendea nyumbani baadaye nikampa nusu. Nusu ya pili nimeimaliza mwaka jana. Hatupigi pamoja tena, na tukikutana Darajani tunasalimiana haraka, kila mtu na njia yake. Bado inaniuma.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huo: mlipeni mpigaji kabla hamjajilipa nyinyi. Unguja mpigaji mzuri ana hoteli inayomngoja kila wiki. Maneno yenu ya ukombozi hayanunui maziwa.

Mzee wa sanduku nilimkuta harusini, Bububu. Sanduku ni boksi la mbao, fimbo na uzi; akiivuta fimbo uzi unakaza na sauti inapanda, nayo ndiyo besi ya kidumbak tangu zamani. Nikamwalika mazoezini. Akatusikiliza nyimbo mbili, akauliza: "Mwanangu, maneno yenu mengi. Mie natia wapi?" Tukapunguza ubeti kutoka mistari 16 hadi 12. Iliniuma kukata mistari yangu, khasa ile niliyoipenda, lakini mzee alikuwa na haki. Biti ya kompyuta haipungui wala haizidi. Kidumbak ni ngoma ya harusi, inapenda kupanda kasi, na siku ya kwanza pumzi ziliniishia katikati ya ubeti. Acheni nafasi kwenye mistari. Acheni nafasi, narudia.

Na msidhani kusema ukweli mbele ya bendi ni jambo la kigeni hapa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, aliimba dhulma za mji huu na wapigaji wake wa udi na fidla, na 1928 akaenda nao Bombay kurekodi. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, linajulikana kwa kutaka wasanii wapige laivu. Mkitamani kusimama kwenye jukwaa lake la Ngome Kongwe, na najua mnatamani kama nilivyotamani mimi, flashi haitawafikisha. Wapigaji ndio watakaowafikisha, kwa hiyo walipeni.

Hapo Wete msihangaike na gitaa la besi. Mna msewe, ngoma ya Pemba ambayo wachezaji hufunga miguuni njuga ziitwazo misewe. Tafuteni wachezaji wawili wanaojua kuzungumza kwa miguu na mtu mmoja wa ngoma, rapuni juu ya mdundo wa ile misewe waliyofunga. Kabla ya mazoezi ya kwanza kaeni nao barazani, mwulize kila mmoja anakaa wapi, nauli ya kurudi usiku ni shilingi ngapi, na mwandike nani anailipa. Kisha nirekodieni kwa simu, mnitumie.