Wiki za kabla ya Krismasi: mambo yatoke kichwani mwako yahamie kwenye friji

Kila ikikaribia Desemba naona kina mama wenzangu wanaanza kuandika "jamani mwaka umeisha sijafanya lolote", na nawaelewa kabisa, manake hizi wiki ndo kila mtu anakutaka kwa wakati mmoja. Kazini wanataka kufunga hesabu za mwaka, shule inamaliza muhula na ina maonyesho yake, kwaya ina mazoezi, ndugu wanauliza mwaka huu tunakutana kwa nani, na hapohapo nyumbani watu bado wanataka kula, kuoga na kupata nguo safi kama siku nyingine zote. Sisi tuko watano, mkubwa yuko sekondari, mdogo ndo kwanza anajifunza herufi, mume wangu anafanya kazi za shifti na mi nipo ofisini mpaka jioni. Haya ninayoandika ndo yanayotuvusha mpaka tarehe 25 tukiwa bado tunaongea vizuri, kwahiyo chukua yanayokufaa mengine acha.

La kwanza, na kwangu ndo kubwa kuliko yote: kazi zenyewe hazichoshi kama kuzikumbuka. Kufunga zawadi ya mwalimu ni dakika tano. Lakini kukumbuka kwamba mwalimu anatakiwa kupata zawadi, kwamba shule inafunga Alhamisi na sio Ijumaa, kwamba karatasi ya kufungia iliisha, kwamba viatu vya mtoto wa kati vinambana na ndo anavyotaka kuvaa siku ya maonyesho, hiyo unaifanya mchana kutwa, kwenye kikao, kwenye foleni, mpaka saa 9 usiku unashtuka usingizini, viatu! Na kwenye nyumba nyingi kazi hiyo ya kukumbuka iko kwa mtu mmoja tu, mara nyingi mama. Mwenzake anasema "we niambie tu cha kufanya nitafanya", na anasema kwa moyo mweupe kabisa, ila kumwambia mtu cha kufanya, lini, wapi, saizi gani, halafu kumkumbusha tena kesho yake, hiyo nayo ni kazi, na ndo ileile uliyokuwa unataka ipungue.

Kwetu kuna karatasi kubwa kwenye mlango wa friji, tunaichora wikiendi ya kabla Majilio, zile wiki za kanisa za kujiandaa na Krismasi, hayajaanza. Mistari tu, siku moja mstari mmoja, mpaka Krismasi. Najua simu zina kalenda nzuri, na mume wangu anaipenda sana ya kwake, lakini mtoto mdogo hafungui kalenda ya simu, na bibi akija kukaa nao hafungui pia, wakati friji kila mtu anaifungua. Sheria ni moja, ujumbe wowote ukitoka shule au kanisani au kazini unaandikwa jioni ileile kabla begi halijatundikwa, na anayeandika ni mwenye jambo lake. Wa kati aliambiwa darasani kwamba kwenye igizo atakuwa mchungaji wa kondoo, akafika nyumbani akachukua kalamu nene akaandika KONDOO kwa herufi zinazopanda juu mpaka zikaingia siku ya pili yake, na pembeni akachora kitu chenye miguu mitano. Ilitosha. Wiki nzima kabla ya igizo tulijua kuna joho na fimbo vinatafutwa, badala ya kuambiwa saa 3 usiku mtoto akiwa ameshapanda kitandani.

Kabla hujachora lakini angalia Krismasi inaangukia siku gani. Majilio yanaanza Jumapili ya 4 kabla ya Krismasi, kwahiyo Jumapili hiyo inaweza kuwa popote kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na hizo siku chache zinabadilisha kila kitu. Mwaka 2022 Krismasi ilikuwa Jumapili, watu wakapata wiki 4 kamili. 2023 ikawa Jumatatu, maana yake Jumapili ya mwisho ya Majilio ndo ilikuwa tarehe 24 yenyewe, asubuhi ibada ya Jumapili na jioni mkesha, na wiki zikabaki 3 na siku moja. 2028 itakuwa hivyohivyo. Ukijua mapema unapunguza mambo mapema, hushtukizwi.

Na kupunguza kwenyewe ndo watu wengi tunaruka, tunapanga vizuri sana mambo ambayo hayakuwa na ulazima wa kuwepo. Sisi tunakaa mezani kila mmoja anajibu swali moja tu, kitu gani kisipokuwepo utaona Krismasi haijafika? Majibu yalinishangaza. Mkubwa, ambaye siku hizi karibu kila kitu kinamchosha, akasema ule usiku ambao wote tunalala sebuleni kwenye magodoro. Wa kati akasema kwenda kwa bibi. Mdogo, kuweka nyota juu ya mti akiwa amebebwa na baba yake. Mume wangu akasema nyimbo za mkesha, na mimi nikasema ibada ya asubuhi tukiwa wote watano kwenye benchi moja. Hakuna hata mmoja aliyetaja mapazia kufuliwa, wala nguo za kufanana kwa ajili ya picha, wala meza iliyojaa vyakula vya kila aina. Hayo matano yakaandikwa kwa wino mwekundu na hayaguswi, mengine yote yanafanyika nafasi ikipatikana, isipopatikana basi. Mialiko hivyohivyo, hatujibu papo hapo, tunajibu kesho yake baada ya kuangalia friji, na kama ni hapana inakuwa fupi, "asanteni sana kwa kutukumbuka, mwaka huu hatutaweza". Usiweke maelezo marefu, yanakaribisha mjadala.

Sasa majina. Kila jambo kwenye karatasi lina jina la mtu pembeni, na jina maana yake ni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hapa naomba nikazie kwa sababu ndo panapoharibika. Zawadi za upande wa mume wangu ni za mume wangu, yeye anafikiria dada zake wanapenda nini, yeye ananunua, yeye anafunga, yeye anahakikisha zimefika. Mi siulizi. Mwaka wa kwanza mawifi zangu wote walipata kitu kimoja, rangi moja, na wala hakuna aliyenuna, wanavitumia mpaka leo. Ukimpa mtu kazi halafu ukapita nyuma yake kuirekebisha, ameshaelewa kwamba haikuwa yake, na mwakani atakaa asubiri umwambie. Mkubwa wetu anashika taa za mti, yaani anakagua nyaya kabla ya kuchomeka, uliochunika unatupwa bila huruma, na yeye ndo anayezichomoa kabla ya watu kulala. Mdogo anaweka tiki siku ikipita, na hicho kwake ni cheo, ole wako uiweke wewe.

Chakula cha jioni ndo kinachoangusha nyumba nyingi mwezi huu, manake mtu anapanga chakula cha sikukuu wiki tatu nzima halafu Jumanne jioni hakuna kitu. Sisi kuanzia Majilio mpaka Krismasi siku za kazi chakula kinajirudia, cha Jumatatu hii ndo cha Jumatatu ijayo, hakuna kuwaza. Novemba nikipika kitu kinachofaa kugandishwa napika mara mbili, nusu inaenda friza ikiwa na tarehe juu yake (andika tarehe jamani, vyombo vikishaganda vyote vinafanana). Ukitoa nyama usiiache juu ya kaunta iyeyuke mchana kutwa, nje inakuwa imeshapata joto la kutosha bakteria kuzaana wakati ndani bado barafu, iweke kwenye friji sehemu ya chini ndani ya bakuli, na kama ni kipande kikubwa hesabu kama siku nzima kwa kila kilo 2. Na chakula kilichopikwa kisikae nje kwa muda unaozidi saa mbili, hata kama wageni bado wanapiga stori. Familia nzima kuumwa tumbo tarehe 24 sio kitu cha kumuombea mtu.

Kuhusu watoto kuwa wakali ghafla, kulialia, kugombana kwa sababu ya kijiko: kabla hujasema wamedeka kwa ajili ya zawadi angalia wanalala kwa muda wa saa ngapi. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anatakiwa kupata usingizi wa saa 9 hadi 12 kila usiku, wa miaka 3 mpaka 5 saa 10 hadi 13 ukijumlisha na usingizi wa mchana, na hawa wakubwa wa miaka 13 mpaka 18 saa 8 hadi 10. Sasa weka mazoezi ya kwaya, weka pati, weka wageni waliokaa mpaka usiku, unakuta wiki nzima mtoto anakosa saa moja au mbili kila siku na sisi tunamuuliza ana nini. Tulichokubaliana ni kwamba hakuna kuchelewa kulala siku mbili mfululizo. Leo mazoezi yamechelewa, kesho yake hata aje nani, saa ya kulala ni saa ya kulala. Wageni wanaelewa, na wakubwa wenyewe wanapona.

Zawadi sitakaa sana. Watu wazima kwetu tunapiga kura ya majina, kila mtu ananunulia mmoja tu, na bajeti inasemwa mapema kwenye grupu ili asiwepo wa kuaibika. Vitu vya kuagiza mtandaoni oda zake ziingie mwanzoni mwa mwezi, na msimu huu ukipata meseji kwamba mzigo wako umekwama bonyeza hapa ulipie kidogo, usibonyeze, fungua mwenyewe programu ya ulikonunua uangalie huko. Matapeli wanajua kabisa kwamba mwezi huu kila mtu ana mzigo anaousubiri. Ila kuna kitu kimoja naomba usikipite haraka kama una mtoto mdogo, zile betri ndogo za duara kama kifungo. Ziko kwenye midoli inayoimba, kwenye kadi zenye muziki, kwenye vitaa vya mapambo. Mtoto akimeza ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2, na mwanzoni unaweza usione dalili yoyote. Kagua kila mdoli kama mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu, cha mgeni pia kagua bila aibu, na ukishuku tu kwamba amemeza mpeleke hospitali muda huohuo, usisubiri akohoe na usimtapishe.

Na kama mwaka huu mmefiwa, msilazimishe mwezi uende kama wa mwaka jana. Mwaka ambao babu yao alikuwa hayupo tuliwauliza watoto wenyewe tufanyeje kuhusu kiti chake, wakasema kibaki na mdogo akalie, na wakataka tusimulie vituko vyake wakati wa kula. Tulilia na tukacheka. Mama mkwe alikuwa ameogopa sana hiyo siku, na kuulizwa wiki mbili kabla kulimsaidia kuliko sisi kujifanya hatuoni.

Kinachofanya hii karatasi isiwe pambo tu ni Jumapili jioni. Watoto wakishalala mi na mume wangu tunasimama mbele ya friji dakika kumi hivi, tunaangalia wiki inayokuja, shifti zake zimekaaje, nani anampeleka nani wapi, na lazima tufute angalau kitu kimoja. Kuna wiki tunabishana kabisa kuhusu cha kufuta, lakini bora tubishane hapo kuliko Jumatano asubuhi mlangoni kila mtu ana viatu mkononi.

Kama unasoma hii katikati ya Desemba na hujaanza chochote, usihangaike kuchora mwezi mzima, chora siku zilizobaki tu. Anza na mstari wa tarehe 23 jioni, hapo manunuzi yanafungwa, ambacho hakijanunuliwa hakinunuliwi tena. Halafu waulize watu wa nyumbani kwako lile swali, andika majibu yao kwa wino mwekundu, gawa majina usiku huuhuu, na jambo litakalobaki bila mtu wa kulibeba lifute kabla hamjaenda kulala.