Milisho ya habari: barua zenu na majibu yangu

Niliwahi kudokeza hapa kwamba asubuhi yangu haianzi na mitandao ya kijamii, inaanza na programu ya milisho. Barua zimekuja nyingi. Leo najibu saba.

Habari za kazi, mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Morogoro. Hilo neno "mlisho" limenipita. Ni tovuti nyingine au ni kitu gani?

Shikamoo mwalimu. Mlisho ni faili dogo ambalo tovuti hulitengeneza yenyewe kila inapochapisha kitu kipya. Ndani mna kichwa cha habari, tarehe, kiungo na maelezo mafupi, pengine habari nzima. Programu iliyo kwenye simu yako hupita kila baada ya muda kulichungulia faili hilo, na ikikuta jipya inakuletea. Mfikirie yule muuza magazeti wa kona aliyezoea kwamba wewe husoma Mwananchi na Nipashe, akakutengea nakala zako kabla hujafika. Tofauti ni kwamba hapa huachi jina wala namba ya simu kwa gazeti lolote. Ukichoka nalo, unalifuta na hakuna wa kukuuliza.

Mfumo unaotumika zaidi unaitwa RSS. Ulianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape, na toleo la 2.0, ambalo ndilo tunalokutana nalo sana hadi leo, lilitoka 2002. Upo pia mfumo wa Atom, uliopata kanuni zake rasmi mwaka 2005. Usijisumbue kuitofautisha, programu nzuri inasoma yote miwili.

Kaka, zamani nilikuwa naona alama ya rangi ya chungwa kwenye kivinjari, nabonyeza, nimemaliza. Siku hizi siioni. Milisho imekufa? (Msomaji, Tanga)

Haijafa, imefichwa. Kivinjari cha Firefox kiliondoa uwezo wake wa kusoma milisho Desemba 2018, na vivinjari vingi leo havikuonyeshi dalili yoyote kwamba mlisho upo. Lakini tovuti zinaendelea kuitengeneza, nyingine bila hata wenyewe kujua, kwa sababu mitambo iliyozijenga inafanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Anza na njia rahisi: nakili anwani ya ukurasa wa mbele wa gazeti au blogu, ibandike mahali pa kuongezea mlisho kwenye programu yako, uiache itafute. Mara nyingi inaupata. Ikishindikana, angalia tovuti imejengwa na nini. Zilizojengwa kwa WordPress, unaongeza /feed/ mwishoni mwa anwani. Kwa mfano, Global Voices kwa Kiswahili unaipata kwa sw.globalvoices.org/feed/. Zile za Blogspot, ambako blogu nyingi za Kitanzania zilizaliwa enzi za blogu ya Michuzi, unaongeza /feeds/posts/default. BBC Swahili ina yake: feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml. Ukiwa kwenye kompyuta, fungua ukurasa, bonyeza Ctrl na U kwa pamoja ili uone msimbo wake, kisha tafuta herufi rss. Kama mlisho upo, anwani yake kwa kawaida imeandikwa humo.

Na kama gazeti unalolipenda halina mlisho kabisa, mwandikie mhariri. Nasema hivi kwa dhati. Wakinyamaza wasomaji wote, atajuaje kwamba tunauhitaji?

Mimi ni mwanafunzi, bando langu la wiki ni dogo. Hii haitanimaliza? (Msomaji, Dodoma)

Itakuokolea, mdogo wangu. Ukifungua ukurasa wa mbele wa gazeti, simu inashusha picha, matangazo, video zinazojichezea na msimbo wa kukufuatilia, hata kama ulitaka kichwa kimoja tu. Mlisho ni maandishi. Tena programu iliyotengenezwa vizuri huuliza kwanza kama kuna kilichobadilika. Kama hakuna, seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hujibu kwa maneno machache na hakishushwi kitu.

Kwenye Android mimi natumia Feeder. Ni ya bure, haidai akaunti, na ukiiwekea ishushe makala nzima, utazisoma hata pasipo mtandao. Wenye iPhone watafute NetNewsWire, nayo ni ya bure. Mambo mawili ya kurekebisha mapema: zima upakuaji wa picha, na iamuru isasishe ukiwa kwenye Wi-Fi tu. Pitia chuoni asubuhi, jaza simu, ukasome kwenye daladala.

Assalaam alaykum ndugu yangu. Niko Muscat, habari za nyumbani nazipata kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook. Kwa nini nijitie shughuli ya programu nyingine?

Waalaykumu salaam. Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii.

Kwenye Facebook umefuata kurasa za magazeti, sawa. Lakini kinachokufikia hakipangwi na wewe wala na mhariri wa gazeti. Kinapangwa na mashine inayokisia kipi kitakushikilia kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana ugomvi wa wasanii unaupata ndani ya dakika, na habari ya barabara ya kwenu kukatika kwa mvua unaiona siku nne baadaye, au huioni. Mlisho haukisii. Kilichochapishwa kimechapishwa, kinakaa kwenye mstari wake kwa tarehe, cha saa kumi alfajiri chini ya cha saa mbili asubuhi.

WhatsApp ina tatizo lake. Sote tumeshapokea picha ya kichwa cha habari chenye nembo ya gazeti kubwa, tukamtumia mjomba, mjomba akamtumia shangazi, kumbe gazeti halikuandika neno hata moja la vile. Mlisho unatoka kwenye tovuti ya gazeti lenyewe. Gazeti linaweza kukosea, ndiyo, lakini walau unajua maneno ni yake na unajua wa kumwuliza. Ndugu zako waliobaki nyumbani wanaweza kutoka nje wakaona kwa macho. Wewe uliye mbali unategemea ulicholetewa, kwa hiyo aliyekuletea ana uzito mkubwa kwako kuliko kwao.

Makundi usiyaache, misiba na harusi hutangazwa humo. Habari za nchi, ziendee kwenye chanzo.

Nilifuata milisho kwa pupa. Sasa programu inaniambia nina habari 1,400 ambazo sijazisoma. Nakosa raha. (Msomaji, Nairobi)

Bonyeza "zote zimesomwa", leo hii. Hizo si deni. Gazeti la kila siku humwaga makumi ya habari kwa siku, na blogu ya mtu mmoja huandika mara mbili kwa mwezi. Ukiziweka kapu moja, gazeti litaifunika blogu. Tenganisha folda: magazeti huku, waandishi unaowapenda kule. Anza na waandishi. Magazeti yapitie vichwa tu, chagua matano, funga. Mlisho ambao hujaufungua mwezi mzima, uondoe.

Nilipoteza orodha yangu yote Google Reader ilipofungwa. Nitaaminije tena? (Msomaji, Kampala)

Google Reader, programu ya Google ya kusomea milisho, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na wengi hawakurudi tena. Naelewa. Kinga ni faili liitwalo OPML. Karibu kila programu ina sehemu ya kutoa orodha yako kwa mfumo huo, na programu nyingine itaipokea kama ilivyo. Mimi nilijifunza kwa uchungu: simu ilitumbukia majini, na orodha niliyoijenga miaka mitatu ikaenda nayo. Sasa kila mwisho wa mwezi najitumia faili hilo kwa barua pepe. Ni kazi ya dakika moja.

Nina blogu ya mapishi ya Pwani. Naandika kila baada ya miezi miwili mitatu, na nikiweka Facebook hawaioni hata watu ishirini. Mlisho utanisaidia mimi mwandishi? (Msomaji, Mombasa)

Sana, dada. Mwandishi wa mara mojamoja ndiye anayefaidika kuliko wote. Msomaji wako hana haja ya kukumbuka kukutembelea. Hata ukinyamaza tangu Ramadhani hadi baada ya Maulidi, siku utakayoandika kuhusu mkate wa sinia, ataupata.

Fanya mambo mawili. Kwanza, kwenye mipangilio ya blogu yako, sehemu ya milisho, chagua makala nzima badala ya muhtasari. Najua unahofia kwamba watu hawatafika kwenye ukurasa wako. Lakini anayepika na simu pembeni, mikono ina unga, akikatiwa maelezo kwenye "chukua tui zito", atakuacha aende kwingine. Pili, weka kiungo cha mlisho juu ya ukurasa, mahali panapoonekana, uandike waziwazi: "Fuata blogu hii kwa RSS."

Ukimaliza, nitumie anwani. Nitakuweka kwenye folda ya waandishi, ile ninayoanza nayo asubuhi.