Re: Fukusi au dumuzi? Anza na kichwa

Mkuu, umeuliza wadudu waliovamia magunia yako ya mahindi hapo Kibaigwa ni fukusi au dumuzi (scania), maana wote wadogo na weusi. Usihangaike na rangi. Mlaze mmoja kwenye karatasi nyeupe, umtazame kwa ubavu ukitumia lenzi.

Fukusi, jenasi Sitophilus, ana mdomo mrefu mwembamba uliochomoza mbele, na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko vinaotea kwenye mdomo huohuo, karibu na macho. Mgongoni mara nyingi utaona madoa manne ya wekundu uliofifia. Dumuzi, Prostephanus, hana mdomo huo kabisa: kichwa kimeinamia chini ya kifua, ukimwangalia kwa juu huoni kichwa, na nyuma mwili umekatika ghafla. Unga mwingi guniani nao ni dalili ya dumuzi.

Kumtenga fukusi wa mahindi na wa mchele kwa macho tu, hapana. Hapo ni maabara, kupasua dume na kukagua viungo vya uzazi.

Jibu ni muhimu kwenye dawa: pirimifosi-methili humuua fukusi vizuri, lakini dumuzi anahitaji permethrini, ndiyo maana dawa nyingi za poda huchanganya zote mbili. Soma lebo kabla hujanunua.