Violini za kompyuta zisikike zimepigwa na watu: maswali yenu

Sauti za violini nilizopakua ni nzuri, lakini wimbo wangu unasikika kama kinanda. Nakosea wapi?

Kinanda ukishakibonyeza, noti imeamuliwa. Mpiga violini anaburuta upinde, na nguvu anaipanga mpaka noti inapokatika. Hicho ndicho kinachokosekana kwako. Katika maktaba nyingi za okestra (mikusanyo ya sauti za ala zilizorekodiwa), gurudumu la modulesheni (amri namba 1 ya midi, lugha ya kuongozea ala za kompyuta) hukuhamisha kutoka rekodi za upigaji laini kwenda za upigaji mkali, ndiyo maana rangi ya sauti hubadilika. Ekspresheni, namba 11, huongeza na kupunguza ukubwa wa sauti tu. Ingiza noti kwanza, kisha cheza wimbo tena huku ukisogeza gurudumu kwa mkono, ukifuata sentensi nzima ya muziki kama mwimbaji anavyofuata pumzi yake. Noti ndefu isikae tuli: ikue, au ififie. Kama leo una nafasi ya kurekebisha jambo moja tu, ndugu yangu, rekebisha hili.

Kodi zangu (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinavurugika.

Sauti moja uliyopakia ni kundi zima. Ukibonyeza noti tatu kwenye violini za watu 16, umeita watu 48. Wagawe: kontrabasi na sello chini, viola katikati, violini juu, kila ala na traki yake na mstari unaoimbika peke yake. Noti za chini zipe nafasi pana. Violini haishuki chini ya G ya hezi 196. Chini ya hapo mwachie viola.

Mbona noti za legato (zinazounganishwa bila kukatika) zinachelewa mdundo?

Ndani yake kuna rekodi ya mpito kati ya noti na noti, nayo inakula muda. Zianzishe mapema kidogo, na usizibane zote kwenye gridi (mistari ya mdundo kwenye skrini).

Riverbu (mwangwi wa kuongezea) kiasi gani?

Kidogo. Sauti nyingi zimerekodiwa ukumbini na zina mwangwi wake tayari.

Nataka fidla za taarabu ya Zanzibar.

Weka kodi pembeni. Fidla za taarabu hupiga mstari mmoja kwa pamoja, zikimjibu mwimbaji, zikiteleza kuingia kwenye noti. Tumia gurudumu la kupinda sauti kufikia zile noti za maqam (mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu) zilizo katikati ya nusu toni. Kisha mtafute mpiga fidla mmoja arekodi mstari huohuo juu ya zile za kompyuta, na umweke mbele kidogo kwenye miksi.