Barua kwa mwanangu: cherehani na daftari

Mwanangu,

Ulipopiga simu Jumapili ile, ulisema umemaliza kile kitabu ulichokichukua mezani kwangu wakati wa Pasaka. Kisha ukaniuliza: "Mama, hawa watu walisamehe kweli, au waliandika hivyo ili kitabu kipendeze? Na wewe je, ulimsamehe mama wa mkaa, yule jirani yetu wa zamani?" Nikajifanya mtandao umekatika. Haukukatika. Swali kama hilo halijibiwi mtu akiwa amesimama jikoni, mwiko mkononi. Leo nimefunga kibanda mapema, mvua inapiga mabati, nimekaa.

Kitabu chenyewe nilikinunua kwa wale wauza vitabu wa kuinama, wanaovitandaza chini kule mjini, shilingi 150, jalada limeng'oka. Uliniambia kilichokushtua ni zile siku 91: Immaculée Ilibagiza na wenzake saba wamebanana katika bafu dogo la mchungaji mmoja huko Rwanda mwaka 1994, wauaji wakizunguka nje wakiliita jina lake. Mimi kilichonishika ni kabati. Alimsihi yule mchungaji alisukume kabati mbele ya mlango wa bafu ili mlango usionekane. Wasakaji waliingia, wakapekua nyumba nzima, wakaliacha kabati mahali pake. Katika vitabu hivi vyote nimeona ujasiri wa aina hiyo: mtu anasukuma kabati, kesho anapika tena kama kawaida, na akiulizwa anasema hana wageni.

Mle ndani alikuwa na rozari ya baba yake, na alisali mchana kutwa. Lakini kila alipofika katika Baba Yetu pale pa kuwasamehe waliotukosea, ulimi ulikwama, kwa sababu aliona anamdanganya Mungu. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Angeniambia alisamehe siku ya kwanza, ningefungia maandazi kwa kurasa za kitabu chake.

Sasa chukua Biblia yako ya Kiswahili, Mathayo sura ya 6, mstari wa 12. Kanisani tumezoea kusema makosa, lakini pale pameandikwa: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni. Mimi ni mwanamke wa biashara, neno hilo nalielewa kuliko wahubiri wengi. Mteja akichukua suruali akasema atalipa mwisho wa mwezi, naandika jina, tarehe na kiasi. Nikitaka kumfutia, nafungua ukurasa, naangalia ni ngapi, ndipo napiga mstari. Kama sikuandika kitu, nitafuta nini?

Ndiyo maana sikubaliani nawe kwamba waliandika ili kupendeza. Waliandika deni. Ilibagiza amesimulia jinsi mama yake, baba yake na ndugu zake wawili walivyouawa, hakuruka hata senti. Baada ya hayo ndipo akaenda gerezani, akaletewa yule aliyeliongoza kundi lililomuua mama yake, akamwambia amemsamehe. Ofisa aliyemleta mfungwa alikasirika sana, na mimi namwelewa yule ofisa.

Kile kingine, cha Corrie ten Boom, kiko chini ya mto wangu, ndiyo maana hukukiona. Alikuwa fundi wa saa Haarlem, Uholanzi. Familia yao iliwaficha Wayahudi waliosakwa na Wanazi wa Hitler, ikakamatwa tarehe 28 Februari 1944. Baba yao, mzee wa miaka 84, alifariki siku kumi baadaye akiwa mfungwa. Corrie na dada yake Betsie wakapelekwa Ravensbrück, kambi ya wafungwa ya Wanazi huko Ujerumani, katika banda lililojaa viroboto. Betsie akasema wamshukuru Mungu kwa ajili ya viroboto! Nilikasirika nikakitupa kitabu kitandani. Tulipolala Jamhuri Park, Nairobi, tukikimbia ghasia za baada ya uchaguzi, na wewe ukajikuna usiku kucha mpaka damu ikatoka, sikumshukuru mtu yeyote. Lakini Corrie mwenyewe naye aliona dada yake amekosea, na hilo ndilo lililonirudisha. Baadaye waligundua kwamba walinzi hawakuingia banda lile kwa kuogopa viroboto, na ndiyo sababu wanawake waliweza kusoma Biblia humo bila kusumbuliwa. Betsie alifia huko Desemba ileile.

Mwaka 1947 Corrie alikuwa Munich, amemaliza kuhubiri kanisani juu ya msamaha. Mwanamume mmoja akamjia, akamnyoshea mkono. Alikuwa mlinzi wa Ravensbrück. Mwanamke wa watu akasimama pale, mkono haunyanyuki, moyo baridi kama jiwe la mtoni. Akaomba Mungu amsaidie angalau kuunyanyua mkono, hayo mengine Yeye ayajaze. Mkono ukanyanyuka wenyewe kama wa mashine, na baada ya mkono kushika mkono ndipo moyo ukafuata. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi hadi umelegea. Sisi tumefundishwa moyo ulainike kwanza.

Na usidhani kabati langu lina vitabu vya waliosamehe tu. Primo Levi, mkemia Myahudi wa Italia aliyetoka hai Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, alisema wazi kwamba hajamsamehe hata mmoja, wala hatamsamehe mtu asiyeonyesha kwa vitendo kuwa amelijua kosa lake. Anasimulia jioni moja ya Oktoba 1944, baada ya watu kuchaguliwa wa kuuawa. Mzee mmoja anamshukuru Mungu kwa sauti kwamba hakuchaguliwa, na kitanda cha jirani kuna kijana wa miaka 20 aliyechaguliwa, amelala kimya na anajua. Levi alichukizwa na sala ile. Tangu niisome, nikisikia ushuhuda kanisani kwamba "Mungu alituokoa sisi", nawakumbuka wa ploti ya pili waliosali kama sisi na hawakurudi. Imani yangu haikuondoka, ila siku hizi inaongea polepole.

Hata hapa kwetu Kenya, wazee wa Mau Mau walioteswa na Waingereza wakati wa kupigania uhuru waliambiwa wasahau, nchi isonge mbele. Hawakusahau. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9, na kusema inajuta, ingawa haikukiri wajibu. Zaidi ya miaka 50 deni lilikuwa limeandikwa vichwani mwao.

Sasa mama wa mkaa.

Ulikuwa darasa la pili, kwa hiyo unakumbuka moshi tu. Katika ghasia zile Soko la Toi liliungua na kibanda changu kikiwemo. Usiku ule vijana walipokuja kwenye ploti hawakujua mlango wetu ni upi. Mama wa mkaa ndiye aliyewaonyesha, nilimsikia. Tulitoka na blanketi moja na wewe mgongoni. Tarehe 28 Februari 2008 wakubwa wa siasa wakatia saini mapatano ya amani pale Harambee House (tarehe ileile ya akina ten Boom, tarehe nazo zina mambo yake), nasi tukaambiwa turudi, yaliyopita si ndwele. Nilirudi kuchukua vyombo vilivyobaki. Kwake mlango ulikuwa wazi, na nikaiona cherehani yangu. Niliijua kwa ile skrubu niliyofunga uzi mwekundu. Sikusema neno. Nikaenda nikaandika kwenye daftari jipya, ukurasa wa kwanza: cherehani moja. Chini yake nikaandika: mlango.

Miaka minane baadaye alikuja kibandani na gauni la kupinda. Aliponitambua, midomo ilimkauka. Mkono wangu ukalichukua gauni. Mimi sikuuambia ulichukue. Nikalipinda, nikamtoza bei kamili, na kwa kweli niliongeza shilingi 20. Tangu siku hiyo yeye ni mteja wangu. Hajawahi kuitaja cherehani. Mwaka juzi aliniletea gunia la mkaa, akasema ni zawadi tu, macho yakiangalia chini. Niliupokea. Jioni nikafungua daftari, nikapiga mstari kwenye neno cherehani. Neno la pili sijaligusa, nalo yeye hajalisema.

Kama unataka jibu la ndiyo au hapana, sina. Zamani nilikuwa nikisikia mtu amefariki mtaa ule, naomba awe yeye. Siku hizi akikosa kuja wiki mbili, nauliza wenzake kama anaumwa.

Kuna jambo moja nimekuficha. Tangu mwaka jana, kila akija, huuliza: "Yule mtoto wako hajambo? Msalimie sana." Nikamjibu hajambo, salamu nikazikalia. Zilikuwa zako, sikuwa na haki ya kukaa nazo. Basi nimezifikisha. Ukitaka zipokee, usipotaka ziache.

Mama yako