Chia za Marekani na za Ujerumani: natoa nyuzinyuzi au sitoi?

SWALI: Shikamoo mama lishe. Mimi niko Moshi, Majengo, keto (ule ulaji wa wanga kidogo sana) nina wiki ya tatu sasa na nimejiwekea gramu 20 za wanga kwa siku. Niliambiwa nyuzinyuzi natoa kwenye hesabu maana hazigeuki sukari mwilini. Kaka yangu alinitumia mbegu za chia kutoka Marekani, hesabu ikakubali, zikaisha nikanunua zingine supamaketi Arusha, hizi za Ujerumani, kwa gramu 100 wameandika wanga 6, nyuzinyuzi 34. Nikitoa napata hasi 28! Kwahiyo nikila chia zinanifutia ugali? Mume wangu anacheka mpaka leo. Halafu Jumapili tunaenda kwa mama mkwe Kibosho, najua kuna mtori, ile supu ya ndizi na nyama.
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, ila mama lishe ni wale wa stendi wenye ubwabwa na maharage, mimi niite shangazi tu.

Chia hazifuti ugali, pole. Umetoa mara mbili. Marekani kwenye paketi wanaandika wanga wote kwa jumla, nyuzinyuzi zikiwa humo humo ndani, ndio maana za kaka yako ukipigia kwa gramu 100 unakuta kama wanga 42, nyuzinyuzi 34, unatoa inabaki 8. Ulaya nyuzinyuzi wanaziandika mstari wake peke yake na ule wanga unaousoma ushatolewa tayari, kwahiyo hiyo 6 ndio 6, usiiguse. Za Afrika Kusini nazo mara nyingi ziko hivyo hivyo. Ukiona nyuzinyuzi zimezidi wanga kwenye paketi jua moja kwa moja wameshatoa. Na cheki pia namba ni za gramu 100 au za kijiko, maana Wamarekani wanapenda kuandika za kipimo kidogo halafu unajiona umepona.

Ila mimi chia wala hazinipi presha, kijiko kimoja na nusu cha chakula ni kama gramu 15, hapo wanga haufiki hata 2. Kinachowaangusha wengi ni vile visivyo na paketi. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama gramu 12 za wanga na sukari hujaweka, sasa wewe unywe chai ya maziwa asubuhi na jioni utashangaa 20 zimeishia wapi. Parachichi kula, gramu 100 zinabaki na kama 2 ukishatoa nyuzinyuzi. Nunua mizani ndogo ya jikoni, kukadiria kwa macho sote tunajipendelea. Na kama unatumia dawa za sukari au insulini ongea na daktari wako kwanza, sukari inaweza kushuka vibaya.

Haya, mtori. Ndizi mbichi gramu 100 ni wanga 25 mpaka 30 hivi, na bakuli la Kibosho unalijua haliishii ndizi ya gramu 100. Shida mtori ukija mezani umeshapondwa, huwezi kuchambua nyama ukaacha ndizi. Wahi kufika, ingia jikoni umsaidie mama, na kabla hajaanza kuponda omba akuchotee supu na mfupa wako pembeni.