Maswali ya Wasomaji: Kupandisha Toleo la WordPress Bila Kuiangusha Tovuti

SWALI: Shikamooni. Nasimamia tovuti ya shule yetu ya sekondari. Iko kwenye WordPress 5.4, na seva inatumia PHP 7.2 (lugha ya programu inayoiendesha WordPress). Kila nikiingia nakuta tangazo la toleo jipya, lakini fundi aliyeitengeneza alituachia agizo moja tu: msibonyeze. Siku hizi hapatikani. Nifanyeje? – *Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Utabonyeza, ila si leo, na si kwenye tovuti yenyewe. Toleo 5.4 ni la Machi 2020. Kuendelea kuliacha hapo ni hatari kuliko kulipandisha.

Anza na nakala akiba, na hapa ndipo wengi wanapokosea. WordPress ina pande mbili: faili, yaani picha, plagini (programu za nyongeza) na mandhari (muundo wa mwonekano wa tovuti) zilizomo kwenye folda ya wp-content pamoja na faili la wp-config.php, na hifadhidata, ambamo mna habari zote mlizoandika, watumiaji na mipangilio. Mtu hupakua folda akadhani amemaliza, siku ya balaa anakuta picha zipo na habari hazipo. Fungua wp-config.php uone jina lililo mbele ya DB_NAME, kisha uitoe hifadhidata hiyo hiyo kwa phpMyAdmin (zana ya kusimamia hifadhidata) kama faili la .sql. Lifungue na utazame mwisho wake. Likiwa limekatika katikati ya mstari wa INSERT, hiyo si nakala, itoe upya. Ihamishie kwenye kompyuta yako na usiiache ndani ya public_html (folda ya seva iliyo wazi kwa umma), maana anayebahatisha jina la faili ataipakua kama anavyopakua picha.

Sasa tengeneza tovuti ya majaribio kwenye anwani ndogo, mfano jaribio mbele ya anwani ya shule, weka humo nakala ya faili zako, na uipe hifadhidata yake mpya uliyoingizia lile faili la .sql. Faili la wp-config.php ulilolinakili bado linaelekeza kwenye hifadhidata ya tovuti halisi. Usipobadili DB_NAME, DB_USER na DB_PASSWORD, utakuwa unaijaribia tovuti hai bila kujua. Badili pia siteurl na home kwenye jedwali la wp_options, la sivyo kila ukiingia utarudishwa kwenye tovuti halisi. Ifunge folda ya tovuti hiyo ya majaribio kwa nywila ili Google isiiorodheshe.

Mpangilio wa kazi ni huu: PHP 7.4 kwanza, kisha WordPress, kisha plagini moja moja, kisha mandhari, na PHP 8 mwisho kabisa. Kuna sababu. WordPress kuanzia 6.6 haikubali PHP iliyo chini ya 7.2.24, na toleo lako la 5.4 linaelewana vizuri na 7.4, kwa hiyo hilo ndilo daraja lako. Ukirukia PHP 8 moja kwa moja, 5.4 haikuandikwa kwa ajili yake, na PHP 8.0 iliondoa vitu kama create_function() na each() ambavyo plagini za zamani huvitegemea. Lakini usifanye makazi kwenye daraja: marekebisho ya usalama ya 7.4 yalikoma Novemba 2022.

Kuna mtego mwingine utakaoupita njiani. Plagini na mandhari nyingi hutegemea jQuery, mkusanyiko wa misimbo ya JavaScript. WordPress 5.5 iliacha kupakia jQuery Migrate, kiraka kinachowezesha misimbo ya zamani ya jQuery kufanya kazi, na 5.6 ikaleta jQuery 3.5.1. Matokeo yake ukurasa unafunguka vizuri, ila picha za kupokezana zimeganda au menyu haifunguki kwenye simu. Bonyeza F12, nenda sehemu ya Console. Ukiona malalamiko kuhusu .live au .size, jina la faili lililo kando yake litakuonyesha plagini au mandhari ya kubadilisha. Na usiridhike na ukurasa wa mbele. Jaza fomu ya mawasiliano uone kama barua pepe inafika kweli, na pakua PDF moja ya matokeo.

Majaribio yakikubali, chukua nakala mpya ya tovuti halisi (ile ya mwanzo imeshapitwa) ndipo urudie hatua zile zile huko.

SWALI: Nilibonyeza kusasisha, umeme ukakatika. Tangu hapo duka langu la mtandaoni linaandika kwamba liko kwenye matengenezo. Nimepoteza kila kitu? – *Muuza vitambaa, Mombasa*

JIBU: Hapana. WordPress ikianza kusasisha huweka faili liitwalo .maintenance kwenye folda kuu, na hulifuta ikimaliza. Lenyewe hupuuzwa baada ya dakika 10, kwa hiyo ujumbe ukiendelea kuonekana, futa faili hilo na kashe (kurasa zilizohifadhiwa kwa muda) pia. Kwenye cPanel (paneli ya kusimamia seva) washa kwanza uonyeshaji wa faili zilizofichwa, kwani jina linaloanza na nukta halionekani.

Umeme wa kwako pengine hauna kosa. Kazi yote hufanyika kwenye seva. Kinachoikata mara nyingi ni diski iliyojaa au muda wa PHP kwisha. Angalia nafasi kabla ya kurudia. Kisha pakua zipu mpya ya WordPress, ondoa folda za wp-admin na wp-includes na uweke mpya, pamoja na faili zilizo nje ya folda. Usiguse wp-content wala wp-config.php. Malizia kwa kufungua /wp-admin/upgrade.php, ili hifadhidata nayo ipande.

SWALI: Baada ya kusasisha napata ukurasa mweupe tu, hata kuingia siwezi. – *Msomaji, Kigoma*

JIBU: Tazama kwanza barua pepe ya msimamizi. Tangu toleo 5.2 WordPress hutuma kiungo cha kuingilia kwa dharura na kutaja plagini iliyoangusha tovuti. Kama haikufika (seva nyingi za bei nafuu hazitumi barua vizuri), ongeza kwenye wp-config.php WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG ziwe true, WP_DEBUG_DISPLAY iwe false, ufungue ukurasa tena, kisha usome mwisho wa wp-content/debug.log. Utakuta njia ya faili na namba ya mstari, na katika njia hiyo, neno linalofuata plugins/ ndilo jina la mkosaji. Badili jina la folda yake tu. WordPress ikiikosa itaizima. Ukishamaliza futa debug.log, kwani wageni nao wanaweza kulisoma.

SWALI: Mambo yakiharibika, naweza kurudisha faili za zamani peke yake? – *Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Usifanye hivyo. Toleo jipya linaweza kuwa limeshabadilisha majedwali ya hifadhidata, na faili za zamani zisiyaelewe. Rudisha vyote viwili vya saa ile ile. Kama ni duka, oda zote zilizoingia baada ya nakala zitafutika, kwa hiyo zitoe kwanza kwenye orodha, au funga malipo kabla hujaanza kusasisha. Kwa duka, usiku wa manane siku ya kazi unafaa kuliko Ijumaa jioni, kwa sababu asubuhi yake huduma kwa wateja ya wenye seva watakuwa kazini.